Matabaka Matatu ya Nta, Paa Halikuguswa

Nimengoja hasira zipoe kabla ya kuandika, na hazijapoa. Gari langu ni jeusi, la mitumba kutoka Japani kama mengi ya hapa Kampala, na kazini huliegesha chini ya mti ambao kaloli, wale korongo wakubwa wa mjini, wamejenga viota vyao. Mkazi wa mji huu hahitaji kuelezwa kinyesi cha kaloli kinavyoitenda rangi ya gari: kikikaukia juani, hata ukikiosha unakuta alama yake imebaki, na sabuni haiitoi. Ndiyo maana kabla ya mvua za Machi kuanza nilikwenda kwenye kituo kimoja cha kuoshea magari, nikalipia huduma waliyoiandika ukutani kwa herufi kubwa: kupaka nta matabaka matatu.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Wenzetu wa nchi za baridi hupaka hivyo kabla ya majira ya theluji, kwa kuwa barabara zao humwagiwa chumvi ya kuyeyushia barafu, na chumvi hiyo hula bodi. Sisi hatuna chumvi. Tuna jua la ikweta, vumbi jekundu na kaloli. Nta haimzuii kaloli, ila inakupa muda wa kufika na ndoo ya maji. Tabaka la pili lina maana, kwa sababu mkono wa kwanza haukosi kuruka sehemu hapa na pale. La tatu, kwa maoni yangu, ni la kumfurahisha mwenye gari. Lakini kila tabaka lataka kuwa jembamba, lipakwe kivulini juu ya bodi iliyopoa, kisha liachwe likauke na kufutwa kabla ya jingine kuja juu yake, kwani ukiharakisha, nta mpya huilainisha ile ya chini na kitambaa huondoka na zote mbili.

Nilikabidhi funguo asubuhi, na kabla ya adhuhuri nikaitwa kuchukua gari. Hapo ningeshtuka. Sikushtuka, kwa sababu, nakiri, liling'aa hata nikaziona hereni zangu mlangoni.

Kisha mvua ikanyesha. Alfajiri yake nilisimama uani na kikombe cha chai nikitazama matone. Kwenye boneti yalikuwa madogo, ya mviringo, yamejitenga kama shanga zilizomwagika, na nilipoligusa moja kwa kidole likateleza, likawazoa na wenzake mpaka chini. Milangoni vilevile. Nikafungua mlango, nikakanyaga kizingiti chake ili nione paa, na huko hapakuwa na shanga hata moja: maji yalikuwa yametanda bapa, na mstari ulionekana waziwazi pale mkono wa mpakaji ulipokoma, kama shibiri moja kutoka ukingoni. Nikamkumbuka kijana aliyelihudumia. Ni mfupi kama mimi, wala sikuona stuli pale.

Nilirudi siku hiyohiyo. Kijana aliinamisha kichwa akasema, "Samahani, nyabo," na kwangu yangeishia hapo. Lakini msimamizi akatoka, akanisikiliza nusu ya maneno yangu, akauliza, "Mama, paa nani analiona?" Nikamjibu kwamba kaloli wanaliona. Hakucheka. Akasema, "Basi mwambie mzee mwenyewe aje tuzungumze."

Mzee yupi? Gari limeandikishwa kwa jina langu, limelipiwa kwa mshahara wangu, na shilingi 90,000 za nta hiyo nilizihesabu mimi, noti kwa noti, mbele ya msimamizi huyohuyo, ambaye wakati huo hakumuulizia mzee yeyote. Tangu hapo nimekuwa nikimjibu nikiosha vyombo, nikiwa kwenye foleni ya Barabara ya Jinja, hata nikiwa katika swala, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Nilinunua kopo langu la nta na vitambaa viwili laini, nikapanda juu ya kreti la soda, nikalipaka paa jioni moja na kulirudia kesho yake. Nilikuwa tayari kuwaandikia kwamba msiende popote, fanyeni wenyewe nyumbani. Sasa mvua zinaelekea kwisha, na ukweli ni kwamba boneti aliyoipaka yule kijana bado inayakataa maji vizuri kuliko paa nililolipaka mimi, ambalo katikati limekwisha kulegea. Mkono wake ni mzuri, na angepewa stuli na siku nzima ya kazi nisingekuwa na neno. Kwa hiyo siwezi kuwakataza. Mkienda, kanyageni kitu mlikague paa kabla ya kutoa pesa. Mimi mwenyewe nilikaribia kurudi wiki iliyopita, nikasikia kijana bado yupo, na msimamizi pia bado yupo, nikapita moja kwa moja. Paani, upande wa dereva, ipo alama ya kaloli ya zile siku ambazo hapakuwa na nta, upana wa kiganja. Haitoki, na kila nikiisugua naanza tena kumjibu yule mtu.