Jedi au Bene Gesserit: ungempa nani mwanao?

Kwenye baraza za Lamu mabishano haya hayana mshindi. Jedi, wale walinzi wa amani wenye nguvu za ajabu katika filamu za Star Wars, humchukua mtoto mwenye kipaji angali mchanga, kisha mama na baba wanabaki jina tu. Mtoto Anakin alipopatikana akiwa na miaka 9, Baraza la Jedi lilisema ameshakuwa mkubwa. Mwishowe akapokelewa, mama yake akaachwa utumwani, na kijana hakumwona tena hadi miaka 10 baadaye, mama akiwa anakata roho. Hapo nawalaumu sana. Wakuu wenye nguvu zote zile walishindwa kumkomboa mwanamke mmoja?

Bene Gesserit, chama cha siri cha wanawake katika riwaya ya Dune, hata hawamngojei mtoto azaliwe. Wao hupanga nani azae na nani, kizazi baada ya kizazi. Jessica, mmoja wao, alilelewa shuleni kwao bila kuambiwa baba yake ni nani. Mwanawe Paul, akiwa na miaka 15, aliwekewa na Mama Mkuu wao sindano ya sumu shingoni ajaribiwe kama ni mtu kweli. (Bibi zetu wangemfukuza mama huyo kwa ufagio.)

Riyadha, msikiti na chuo cha dini cha hapa Lamu, nayo hupokea vijana wa mbali wanaokuja kusoma dini, lakini kijana husoma akibaki fulani bin fulani.

Kwa Jedi, angalau mlango wa kutoka upo, Jedi mwenzao Dooku aliondoka. Ningelazimishwa kuchagua, ningempa mwanangu Jedi, kwa sharti kila Idi aje nyumbani.