Siku moja Cobh, mimi na Mama

Mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Tanga mwezi Juni, nilitafuta safari ya siku moja ambayo isingemchosha, isingenimalizia mfuko, na ingempa bahari, maana alikuwa amekwisha kulalamika mara tatu kwamba tangu afike hapa Cork, Ayalandi, ameona mto tu. Nilichagua Cobh, mji mdogo ulio kwenye Great Island ndani ya Bandari ya Cork. Jina lake hutamkwa "Kov", na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kumwuliza mtu njia. Ninaandika uzoefu huu kwa ajili ya wenzangu wanaoishi Ayalandi au watakaopita huku wakiwa na wazazi ambao magoti yao si kama ya zamani.

Usafiri ndio uliotupendeza kuliko yote. Treni huondoka stesheni ya Kent mjini Cork na huchukua dakika zipatazo 25, ila msafiri asome ubao vizuri kabla ya kupanda, kwa sababu reli hugawanyika mahali paitwapo Glounthaune, tawi moja likienda Cobh na jingine Midleton, ambako hakuna bahari ya kumwonyesha mgeni wako. Kabla ya kuingia Great Island treni husimama Fota, penye hifadhi ya wanyama yenye twiga. Mama hakuamini kwamba kuna twiga wanaovumilia baridi ile, na kwa kuwa hatukumwona hata mmoja dirishani, hadi leo anadhani nilimtania.

Kutoka stesheni hutembei mbali. Kituo cha historia ya mji kimo katika jengo lile lile la stesheni, na nje yake, pembeni mwa maji, imesimama sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili wa kiume. Msichana huyo aliondoka bandari hii mwezi Desemba 1891, na tarehe 1 Januari 1892 akawa mhamiaji wa kwanza kupokelewa katika kituo cha Ellis Island, New York. Maonyesho ya ndani yanaeleza kwamba kati ya mwaka 1848 na 1950 Waayalandi wapatao milioni 6 waliihama nchi yao, na milioni 2.5 miongoni mwao walipitia hapa, wengi wakifuata njia iliyofunguliwa na njaa kuu ya miaka ya 1840, viazi vilipooza mashambani. Mama alisimama muda mrefu mbele ya maelezo hayo niliyokuwa nikimfasiria, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kumbe na hawa walikimbia njaa, mwanangu?" Nikamwambia kwamba usiku wa kuamkia safari, jamaa na majirani walikusanyika wakakesha na msafiri kama wanavyokesha na maiti, kwa kuwa aliyekwenda Marekani hakutarajiwa kuonekana tena. Akatikisa kichwa akasema hayo ni matanga ya mtu aliye hai. Mimi niliyemwacha yeye kwenye uwanja wa ndege miaka miwili iliyopita sikuwa na la kujibu.

Jambo la pili lenye kiingilio ni maonyesho ya Titanic, yaliyomo katika jengo lililokuwa ofisi ya tiketi ya White Star Line, kampuni iliyoimiliki meli hiyo. Wakati huo mji uliitwa Queenstown, jina uliopewa mwaka 1849 Malkia Victoria alipoutembelea, na hapa ndipo Titanic ilipotia nanga kwa mara ya mwisho, tarehe 11 Aprili 1912. Meli haikukaribia gati, bali ilisimama mlangoni mwa bandari, na abiria 123 waliopandia hapa wakapelekwa huko kwa kutumia meli ndogo mbili. Kila mgeni hupewa kadi ya kupandia yenye jina la mmoja wao, na mwisho wa ziara hutafuta jina hilo ukutani ili ajue kama mtu wake aliokoka. Mwanzoni niliona huo ni mchezo wa kitoto. Lakini kadi ya Mama ilikuwa ya mwanamke wa daraja la tatu, kama walivyokuwa 113 kati ya wale 123, na alipofika kwenye orodha alivaa miwani yake, akafuata majina kwa kidole mstari kwa mstari, hata wageni waliokuwa nyuma yetu wakanyamaza. Mwanamke wake aliokoka, wangu alizama. Nyuma ya jengo bado zinaonekana nguzo za mbao za gati walilopandia, nyeusi, zimeliwa na maji, ndege wakiwa wametua juu yake. Ukumbi wenyewe ni mdogo na ziara ni fupi kwa bei yake, kwa hiyo asiyevutiwa na Titanic asijilazimishe.

Kwenye uwanja ulio mbele ya jengo hilo kuna mnara wa kumbukumbu ya Lusitania, meli iliyozamishwa na nyambizi ya Wajerumani tarehe 7 Mei 1915, ambapo walikufa watu karibu 1,200, na wengi wa waliookolewa na wa waliokufa waliletwa katika mji huu.

Sasa niseme juu ya mlima, kwa sababu picha za mitandaoni hazisemi ukweli kuhusu mlima. Kanisa kuu la Mtakatifu Colman, lililoanza kujengwa mwaka 1868 likakamilika 1919, limekaa juu ya mji wote, na barabara ya kulifikia ni ya kupandia kwa vituo. Tulipumzika mara nne. Zile nyumba za rangi zilizopangana kwenye mteremko wa West View, ambazo wenyeji huziita pakiti ya karata kwa kuwa ya chini ikianguka zote zitafuata, hupigwa picha vizuri ukiwa juu zaidi, mnara wa kanisa ukiwa nyuma yake. Huko nilipanda peke yangu, nikamwacha Mama kwenye benchi la kanisani akiitazama bandari. Niliporudi kengele zilikuwa zikilia, nazo ni 49, na Mama alikuwa amefumba macho. Nilidhani amelala, kumbe anasikiliza.

Chakula ndicho kilichotuangusha. Siku hiyo ilikuwa imetia nanga meli kubwa ya watalii, migahawa ya ufukweni ikajaa, na katika mmoja wao tulisubiri samaki karibu saa nzima, akaja amepoa, pamoja na siki badala ya ndimu. Mama alimgeuza kwa uma, akasema kwa upole kwamba huyu amevuliwa jana na kukaangwa juzi. Ninashauri uangalie ratiba ya meli kabla ya kuchagua siku, au ubebe chakula chako ukalie kwenye bustani iliyo mbele ya maji. Wasiokula nguruwe waulize kabla ya kuagiza ile supu nzito ya samaki na maziwa, kwa sababu wapishi wengi huichanganya na nyama hiyo. Anayetaka kuvuka kwenda Spike Island, kisiwa chenye ngome iliyokuwa gereza, atenge nusu siku nzima, tena kwa safari nyingine.

Kwa jumla ninaipa safari hii nyota nne kati ya tano, na iliyopungua ni ya samaki. Tuliondoka saa moja jioni jua likiwa bado juu. Asubuhi tulikuwa tumekaa upande wa kushoto wa behewa tukatazama kuta na majani, lakini unapotoka Cobh upande huo huo ndio wa maji, kwa hiyo Mama alikaa dirishani na kadi yake mkononi, akanikataza kuzungumza mpaka bahari ilipokwisha.