Chungu cha Wakisi cha kutunzia insulini: Rujewa kinaweza, Kyela kinahangaika

Vyungu vya Wakisi tumezoea kuviona na maharage au maji ya kunywa. Akina mama wa Ikombe, jirani na Matema kwenye Ziwa Nyasa, huvifinyanga kwa mikono, navyo hupandishwa kwa magari hadi Tukuyu na Mbeya mjini. Hapa tunavipima kwa kazi nyingine: kutunza insulini ya binti mwenye kisukari aina ya kwanza, kwenye nyumba isiyo na friji, ambako mama ndiye mlinzi wa kila sindano.

Unahitaji viwili, kikubwa na kidogo kinachoingia ndani yake na kuacha nafasi ya vidole vitatu pande zote. Usidanganywe na urembo. Chungu kilichosuguliwa hadi king'ae au kupakwa rangi hakipitishi maji vizuri, na kazi yote inategemea maji kupenya na kukauka nje, maana kukauka huko ndiko kunakopoza ndani. Kabla hujalipa, omba kijazwe maji ukazunguke sokoni. Kikianza kutoa jasho ubavuni, chukua. Kikichuruzika, kina ufa.

Weka mchanga wa mtoni uliooshwa chini ya chungu kikubwa, ketisha kile kidogo juu yake, jaza mchanga kati ya vyungu hivyo viwili, kisha mwagia maji hadi uloe bila kutuama. Funika kwa kitambaa kibichi. Chupa ya insulini ikae ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko, maana unyevu hubandua lebo, na chupa isiyo na lebo haijulikani ni ya asubuhi au ya usiku. Maji yaongezwe asubuhi na jioni. Chungu kikae kivulini penye upepo, juu ya kigoda, mbali na mafiga. Ukikifungia kabatini umebaki na pambo.

Sasa suala la mahali. Rujewa na Usangu kwa jumla, miezi ya Septemba hadi Novemba, hewa ni kavu na jua kali: hapo chungu kinastahili kila shilingi. Kyela joto lipo, lakini hewa imejaa unyevu, maji hayakauki haraka na nafuu ni ndogo. Mbeya mjini chumba chenye kivuli mara nyingi kinatosha chenyewe. Na popote pale, chungu hakifiki nyuzi 2 hadi 8 zinazotakiwa kwa chupa za akiba. Hizo ziachwe kwenye friji ya kituo cha afya, nyumbani ije moja tu inayotumika.

Kinachotufanya tukipende zaidi hakihusu joto. Insulini ikikaa kwa jirani mwenye friji, binti wa miaka 14 anabisha hodi kila siku mbele za watu, na umri huo aibu inaweza kumfanya aruke dozi. Chungu kinaiweka dawa nyumbani, kati yake na mama yake. Pia insulini isiyotoka kwenye baridi kali haiumi sana inapochomwa.

Kasoro kubwa ni mkono wa mama. Mama mwenye hofu hufunua kuangalia kama binti amechoma, hufunua tena kuona kama chupa ipo, na kila akifunua, hewa ya joto inaingia. Nunua kipimajoto chenye waya, ncha ikae ndani na kioo nje. Wagawane kazi: mama amwagie maji na asome joto, binti atoe chupa, achome, aandike saa na yuniti kwenye daftari. Swali la "umechoma?" lijibiwe na daftari, na wakae wote wawili kulisoma jioni. Kipimajoto kikionyesha zaidi ya nyuzi 30 siku kadhaa mfululizo, chungu kimeshindwa, tafuteni friji.

Insulini ya rangi ya maziwa izungushwe taratibu kati ya viganja hadi ichanganyike, isitikiswe kama dawa ya kikohozi. Ikibaki na mabonge, au chembe nyeupe zikiganda kwenye kioo, imeharibika. Ile ya maji maangavu ikiwa na ukungu, vivyo hivyo.

Tarehe ya kufungua iandikwe kwenye chupa. Nyingi hudumu siku 28 nje ya friji. Karatasi ya ndani ya boksi ndiyo mwamuzi. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Anayetumia 40 kwa siku anaimaliza siku ya 25. Anayetumia 20 atabakiwa na karibu nusu, na hapo ndipo mama hung'ang'ania, kwa kuwa dawa ilitafutwa kwa shida. Aitupe. Sukari ya binti ikianza kupanda bila chakula kubadilika, kwanza ulizeni chupa ina siku ngapi, kabla ya kumtuhumu kwamba amekula pipi kwa siri.

Walioko Makete na Njombe wasinunue kwa kazi hii. Huko Juni na Julai adui ni jalidi, na insulini iliyoganda haifai hata ikiyeyuka. Usiku ifungwe kwenye sweta ndani ya boksi, ikae chumba wanacholala, mbali na dirisha na mbali na jiko la mkaa.