Mimea ya harufu uani: angalia mizizi kabla hujatoa pesa

Malalamiko ya wasomaji tangu masika yaanze yanafanana mno. Mtu kapita kando ya barabara, kauona mche wa asmini umejaa maua, kalipa bei ya kuumiza, kaupanda vizuri na kuumwagilia. Baada ya wiki chache majani yamepukutika, zimebaki fito. Anauliza kama ni udongo au ni chumvi ya maji ya kisima. Mara nyingi si hilo wala hili. Mche uliuzwa ukiwa nusu mfu.

Wauzaji wengi hupanga viriba, ile mifuko ya miche, juu ya ardhi tupu. Mche ukikaa hapo miezi kadhaa, mizizi hutoboa kiriba na kuingia ardhini, na hiyo ndiyo inayoulisha. Siku ukija wewe, muuzaji anaushika shinani na kuung'oa, au anapitisha panga chini ya kiriba. Unaondoka na maua yote na mizizi nusu. Wengine huhamishia mche mdogo kwenye ndoo kubwa jana jioni ili bei ipande leo asubuhi.

Kwa hiyo rangi na urefu waachie wengine. Shika shina karibu na udongo, liinue taratibu. Mche uliozoea kiriba chake huinuka pamoja na udongo. Uliohamishwa juzi hucheza peke yake kama jino bovu. Kisha geuza uangalie chini. Ukikuta kovu bichi la mzizi mnene, umekatwa leo. Ukikuta vizizi vyembamba vyeupe vinachungulia matunduni, chukua huo. Mizizi ikiwa imezunguka na kujifunga fundo, dai punguzo, na kabla ya kupanda ichane kwa kisu pande tatu au nne, la sivyo itaendelea kujinyonga humo humo ardhini.

Sasa mimea yenyewe. Nazungumzia uani wa nyumba za pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga na Unguja, ambako bustani ni ya kunusia jua likishatua.

Nambari moja ni asmini, na upendeleo wangu siufichi. Hakuna mmea mwingine unaorudisha fadhila haraka hivi. Vitumba huchumwa jioni vikikaribia kufunguka, hutungwa makoja, huingia kwenye kikuba, kile kishada cha maua na majani ya harufu, pamoja na rehani na kilua, hutandazwa kitandani kwa bibi harusi. Chagua yenye petali za tabaka moja au mbili. Ile ya petali nyingi zilizosongamana hukua polepole na matawi yake ni machache, ila wauzaji huitoza bei kubwa kwa kuwa inapendeza machoni. Na kabla ya kulipa, vunja jani moja. Likitoa utomvu mweupe wa maziwa, hiyo si asmini, ni mmea mwingine wa maua meupe ambao harufu yake haifui dafu. Wanaouuza kwa jina la asmini wanajua wanachofanya. Ipe jua la kutosha, na ipogoe kila inapomaliza kuchanua, kwa sababu maua huja kwenye machipukizi mapya.

Wa pili ni mkilua. Ni mtoto wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na wataalamu wanauita Mkilua fragrans tangu 1970. Umezoea kuishi chini ya miti mikubwa, hivyo uani palipozungukwa na kuta panaufaa kuliko mimea mingi. Kinachotakiwa ni subira. Nunua ulioota kwa mbegu kitaluni. Uliochimbwa msituni umekatwa mzizi mkuu, na kuununua ni kuumaliza msitu.

Mlangilangi, mti mrefu wa maua ya harufu, naupa nafasi ya tatu kwa masharti. Komoro wanakokamua mafuta yake kwa biashara huukata ubaki kimo cha kuchumika, maana ukiachiwa hupita paa la nyumba, na matawi yake ni mepesi kuvunjika upepo ukivuma. Upo wa kimo kifupi, wa mita 2 hivi; uulizie huo. Mzizi wake mkuu huenda chini moja kwa moja, kwa hiyo mche unaofika kifua ndani ya kiriba kidogo uuache palepale.

Mwaridi unanikera. Mingi inayouzwa ni ya jamii ya maua ya kukatwa, kama yale ya mashamba ya Naivasha, yaliyozalishwa ili yasafiri mbali na kukaa siku nyingi kwenye chombo, harufu ilisahauliwa. Anayetaka waridi la marashi, kama wanalochuma Jabal Akhdar kule Oman, anuse ua lililofunguka hapo hapo. Na autikise mche, kwani kuna vijiti vilivyochomekwa tu udongoni, vimetoa ua moja bila mzizi hata mmoja.

Mrehani usinunue. Omba tawi kwa jirani, uchomeke.

Kuhusu bei, haiandikwi popote. Ukishuka kwenye gari, mche uleule hupanda bei kabla hujafunga mlango, na ukifa nyumbani utaambiwa hukumwagilia. Mimi humtaka muuzaji autoe mche kwenye kiriba mbele yangu, pesa ikiwa bado mkononi. Anayekataa namwachia mche wake.