Chakula laini cha paka wengi: nunua cha kusagwa, mchuzi waachie wenye paka mmoja

"Dada, wanaramba mchuzi, vinofu wanaviacha." Tangu Mfungo Mosi lalamiko la wasomaji wangu wa Mtwara kuhusu chakula cha paka cha pakiti ni hilohilo. Msomaji wa Ligula ana paka sita, na kila jioni anazoa sahani zenye vinofu vilivyokauka kama kokoto. Wa Mikindani anasema sisimizi wa jikoni kwake wamenenepa kuliko paka. Wa Shangani yeye kauliza kwa hasira: kwani hizi pakiti tunanunua chakula au tunanunua supu?

Basi leo sitasema ladha ipi ni tamu, wala picha ya paka mweupe kwenye pakiti ina maana gani. Hayo utayaona mwenyewe dukani. Mimi nauliza jambo moja tu, ambalo wauzaji hawalisemi na wanunuzi hawaliulizi: je, kitaliwa chote?

Pakiti nyingi za gramu 85 ni vinofu vinavyoelea kwenye mchuzi au jeli. Na vile vinofu mara nyingi si minofu iliyokatwa kutoka kwa kuku au samaki. Ni nyama iliyosagwa, ikachanganywa na vitu vya kuishikisha, ikapikwa kwa mvuke, ndipo ikakatwakatwa ifanane na nyama. Harufu kubwa imo kwenye mchuzi, na paka anachagua chakula kwa pua. Akishauramba, kinachobaki hakimwiti tena. Kwa joto letu la Novemba, kabla kaskazi haijatulia vizuri, vinofu hivyo havikai hata saa mbili bila kuharibika.

Ukiwa na paka mmoja utasema ni hasara ndogo. Wakiwa wengi, mambo yanageuka. Yule mwenye ubavu anamaliza mchuzi wa sahani yake, anahamia ya pili, anahamia ya tatu. Wanyonge wanakuja nyuma kukuta vinofu vikavu, wananusa, wanaondoka. Umemwaga pakiti sita, umelisha shume mmoja kwa mchuzi, na watano wamelala na njaa huku wewe ukidhani wameshiba. Ndiyo maana kwenye nyumba nyingi za paka wengi utamkuta mmoja mnene na wengine wanaonyesha mbavu, na mwenye nyumba anasema "huyu ndiye mlafi."

Fanya jaribio hili kabla hujabishana nami. Fungua pakiti, mimina kwenye kichujio, acha idondoke, kisha pima vinofu kwenye mizani ya jikoni. Hapo utajua hela yako imekwenda wapi.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza kwangu ni chakula cha kusagwa cha kopo, kile kilicho kizito na laini kama maini yaliyopondwa, ambacho kwenye kopo kimeandikwa "pate" au "loaf". Na katika hivyo naipendelea Friskies ya kopo la gramu 156, wala sifichi. Atakayesema nimelipwa aje anionyeshe hizo hela nimnunulie paka wangu makopo. Naipendelea kwa sababu haina cha kuramba na cha kuacha. Kijiko cha juu na kijiko cha chini ni kitu kimoja. Paka anakula au hali, basi. Kopo moja lina kilokalori kati ya 160 na 200 hivi, kutegemea ladha, wakati pakiti ya gramu 85 kwa kawaida huzunguka 70. Paka mzima wa kilo nne anahitaji karibu 200 kwa siku. Piga hesabu ya paka sita: kwa pakiti peke yake unahitaji kama 17 kila siku, kwa makopo ni saba. Tuseme pakiti ni shilingi 3,000 na kopo 6,000: pakiti zitakula 51,000 kwa siku, makopo 42,000. Kopo limeshinda, lakini hata hiyo 42,000 ni nani anayo? Nitaifikia hapo chini.

Nafasi ya pili ni Whiskas au Felix ya pakiti, lakini chukua ile ya jeli. Jeli hushikamana na kinofu, na ukiiponda kwa uma inakaribia kuwa kitu kimoja. Ile ya mchuzi usiiguse kama paka wako wanazidi mmoja. Nafasi ya tatu ni vikopo vidogo vya Gourmet Gold vya mousse. Vimesagwa vizuri sana, bei yake ni ya sikukuu. Weka kimoja nyumbani kwa ajili ya kumfichia paka mgonjwa kidonge. Royal Canin ya figo na ya mkojo ni habari ya daktari wa mifugo, haiingii kwenye mashindano haya.

Vya bei ya chini sitavipa nafasi kubwa. Punje kavu za paka zinazopimwa kwa kilo kutoka kwenye gunia lililo wazi, bila lebo, siwezi kukwambia zina nini. Jodari wa kopo wa binadamu ana chumvi na hana virutubisho vyote vya paka. Saradini wa nyanya huwa na viungo, na kitunguu ni sumu kwa paka. Chakula cha mbwa hapana kabisa.

Kuna neno moja la kutafuta nyuma ya kopo lolote: "complete", yaani kina virutubisho vyote vya paka. Ukikuta "complementary", hicho ni cha kuonjesha, hakimlishi paka peke yake. Kimojawapo ni taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama na samaki: mwili wa paka hautengenezi ya kumtosha, lazima aile. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wenye upungufu wa taurini walikuwa wanapata udhaifu wa moyo, na paka hao walikuwa wanakula vyakula vya viwandani. Baada ya hapo watengenezaji waliongeza kiwango. Upungufu huohuo huharibu pia macho. Ndiyo maana nakataa ushauri wa "wape dagaa tu, mbona bibi zetu waliwapa." Paka wa bibi alikuwa anajikamatia panya, na panya ana taurini.

Sasa hela. Hivi ndivyo ninavyolisha sita bila kuuza shamba la mikorosho. Asubuhi wanapata punje kavu zenye neno lile la "complete", kila mmoja kipimo chake, maana gramu 100 za punje zina nguvu karibu mara nne ya gramu 100 za chakula laini. Jioni nafungua makopo mawili ya kusagwa na kuyachanganya na robo kilo ya samaki aliyechemshwa na kutolewa miiba. Hapa ndipo chakula cha kusagwa kinapolipa: kinajipaka kwenye kila kipande cha samaki, paka hawezi kuchambua. Jaribu kufanya hivyo na pakiti ya mchuzi uone watakavyokufanyia. Wataramba, samaki atabaki, sisimizi watashukuru. Samaki asizidi robo ya chakula cha siku, na hiyo ndiyo sababu makopo ni mawili na si moja.

Samaki wenyewe nawafuata Feri, soko letu la samaki, asubuhi, wakati fungu la vibua halijachambuliwa na wanaokaanga. Dagaa nao ni wazuri, ila angalia mwezi. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, na mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki, kwa hiyo bei inapanda. Nunua wakati wa giza, chemsha, gandisha. Usiwape wabichi: samaki wengi wa aina hizo wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto unakimaliza. Usitie chumvi, usitie kitunguu. Maji uliyochemshia usimwage, yarudishe kwenye sahani, kwa sababu taurini huyeyuka majini. Ng'onda mwachie baba watoto. Na ukikuta bunju kwenye fungu mtupe mbali. Sumu yake haichagui paka wala mtu.

Kopo lililofunguliwa lihamishie chakula chake kwenye bakuli lenye mfuniko, weka frijini, limalize ndani ya siku mbili. Kabla ya kuwapa, litie maji ya moto kijiko kimoja. Cha baridi hakinuki, na kisichonuka hakiliwi.

Nisiondoke bila kuwagusa wauzaji. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ilipokatika kule Somanga, bei ya kila kitu ilipanda na sote tulielewa. Barabara ikafunguliwa. Kuna duka moja mjini, jina nalihifadhi, bei haikuteremka hata shilingi, na ukiuliza unaambiwa "mzigo umetoka Dar." Mzigo siku zote umetoka Dar! Hapohapo makopo yamepangwa dirishani yakipigwa na jua la alasiri, na kibandiko cha bei kimewekwa juu kabisa ya tarehe ya kuisha muda. Hiyo si bahati mbaya, ukibandua utaona. Pakiti nazo, nyingi zilizokuwa gramu 100 leo ni 85, na hakuna aliyekuja kutuaga. Hata Feri vichwa vya samaki tulivyokuwa tunapewa bure siku hizi vinapangwa mafungu. Hao siwalaumu sana, mama ntilie naye anavitaka kwa supu.

Mkiwa majirani wawili au watatu wenye paka, changeni mnunue katoni nzima ya Friskies au ya chapa nyingine ya kusagwa mliyoipata, bei ya rejareja inawaumiza bure. Katoni ifunguliwe palepale kaunta. Geuzeni kila kopo msome tarehe, lililovimba lirudisheni, na lililobonyea kwenye mshono pia, maana hewa ikishaingia hapo chakula kimeharibika hata kama hakijanuka. Kisha daini risiti yenye jina la duka, kwa sababu bila hiyo kopo bovu mtakalolikuta nyumbani ni lenu.