Midoli ya kukusanya ukiwa mtu mzima, na uko mwisho wa reli: uanze na ipi

Wifi yangu kaja juzi kakuta midoli kumi na nne imejipanga juu ya kabati, akauliza "Ya mtoto gani hii?" nikamwambia yangu, akacheka weee, afu akaona mwenzie sicheki. Ndo hivyo. Mi nina miaka 36, nauza daftari na kalamu hapa Mwanga, jioni nikishafunga hesabu nakaa namchana mdoli nywele na kichwa kinatulia, wengine wana mpira, wengine wana bao. Sa kuna wadada wananiuliza dukani kwa kunong'ona kabisa, "dada, ukitaka kuanza unachukua upi?" basi hii hapa, nimepanga kwa raha unayopata kwa hela yako ukiwa Kigoma na sio Dar.

Namba moja ni Monster High, tena ya mitumba. Kampuni ya Mattel walianza kuitoa 2010 na kila mdoli ni mtu na ukoo wake: Draculaura ni binti wa Dracula, yule mnyonya damu wa hadithi, Clawdeen baba yake ni mtu anayegeuka mbwa mwitu, Cleo de Nile baba yake ni yule maiti wa Misri mwenye sanda. Draculaura wangu nilimtoa kwenye belo la midoli, uchi, nywele zimekuwa kama steelwire ya kusugulia masufuria, mkono wa kushoto haupo, nikatoa 2,000. Hii ya zamani mikono inachomoka kwenye kiwiko na kwenye kifundo ili nguo ipite, kwa hiyo inapotea sana, we usiogope, mshonee mikono mirefu hakuna atakayejua. Nilipomuosha ndo nikaviona vile vijino viwili vidogo mdomoni na kimoyo cha pinki shavuni, jamani, nikakaa chini kabisa.

Kuhusu nywele: sabuni ya nywele, maji ya uvuguvugu, kondishena nyingi, afu unaanza kuchana kwenye ncha unapanda juu taratibu. Ukianzia juu unazing'oa. Na usimuanike juani kwenye baraza, rangi inapauka.

Namba mbili, Barbie, ila uwe ule wa Made to Move uliotoka 2015, una viungo 22, anakaa, anakunja goti, anashika kikombe. Barbie wa kawaida mkono umenyooka kama askari wa gwaride, anachosha. Utamu wa Barbie ni kushona, ana urefu wa sentimita 29 hivi, mabaki ya kitenge ambayo fundi anayatupa yanatosha gauni na kilemba, ila chagua maua madogo madogo maana nilishamshonea kitenge cha ua kubwa, ua moja likammaliza mwili mzima akawa kama kavaa pazia. Alafu tahadhari: kuna jamaa aliniuzia mmoja bei ya kuruka, eti antiki, mgongoni umeandikwa 1966. Nikatoa hela kama zuzu. Kumbe ule ni mwaka wa hakimiliki ya umbo la kiwiliwili, sio mwaka mdoli alipotengenezwa, waliendelea kuuchapa miaka na miaka, mdoli wa miaka ya tisini nao unao. Kwa hiyo mwaka wa mgongoni usikupandishie bei.

Namba tatu Rainbow High, ya kampuni ya MGA, imeanza 2020, kila mmoja na rangi yake, Ruby mwekundu, Sunny njano, Violet zambarau. Macho yamepachikwa ndani yanang'aa na kope ni za kweli, viatu vyake hata mi navitamani. Mbona namba tatu sasa? Kwenye mitumba sijaukuta hata siku moja, lazima uagize, ukijumlisha na nauli ya mzigo unajikuta umenunua mdoli mmoja kwa hela ya sita.

Nne ni Bratz, wa 2001, Yasmin, Cloe, Jade na Sasha, midomo hiyo! Shida yao moja tu, kiatu kinatoka pamoja na mguu, sa kwenye belo unakuta vichwa vizuri ajabu na chini hamna kitu. Mi ninao wawili, wamevaa magauni ya kuburuza.

Ya mwisho ni ile feki ya mfukoni inayoning'inizwa sokoni. Kwa mwanao sawa, kwa kukusanya hapana, nywele zimeshonwa mstari mmoja tu pembeni, ukizigawa katikati ni upara. Kabla hujalipa mshike kiunoni ubonyeze kidogo, akibonyea kama chupa ya maji ya Kilimanjaro mrudishe kwenye kamba.