TAHADHARI: Matapeli wa madai ya bima wanaovizia waliogongwa nje ya vituo vya polisi Dar

Ndugu zangu mnaoendesha magari Dar, someni hili kabla hamjagongwa.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya Sam Nujoma, karibu na Mwenge, Hiace ya abiria ikanigonga nyuma. Hakuna aliyeumia. Bampa lilipasuka, taa ya kulia ikavunjika, mlango wa buti ukabonyea ukawa haufungi. Dereva alikubali kosa, trafiki akapima na kuchora ramani, tukaenda kituoni. Bima ya Hiace niliihakiki palepale kwa namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mtandaoni wa TIRA (Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania), nikaona iko hai. Hilo nashukuru nililifanya. Balaa lilinikuta nilipotoka getini.

Kijana nadhifu, bahasha ya kaki mkononi, kitambulisho shingoni, alinipa pole. Alijua namba ya gari langu na kampuni ya bima ya ile Hiace, nikaamini ametumwa nao. Akasema aliyegongwa huzungushwa miezi, yeye atamaliza kwa wiki mbili. Alitaka 80,000 ya kufungua faili, nakala ya leseni, kadi ya gari na ripoti ya polisi, pamoja na saini yangu kwenye karatasi tatu. Nilikuwa nimechoka na mtoto ananisubiri shuleni. Nikatuma pesa kwa simu, nikasaini. Siku ya tatu akaja na mtu akapiga gari picha, nikazidi kumwamini.

Karatasi moja ilikuwa barua ya kumruhusu apokee malipo kwa niaba yangu. Nyingine ilikuwa hati ya kumaliza madai, sehemu ya kiasi ikiwa tupu! Ukisaini hati hiyo umekubali kwamba kiasi kilichoandikwa ndiyo malipo yote na hutadai tena. Fundi wa bodi alinikadiria 1,150,000. Kwenye hati ikajazwa 450,000, zikalipwa, akachukua yeye. Simu yake haipatikani tena. Kampuni walinionyesha saini, na ni yangu kweli. Nililia pale kaunta, sioni aibu kusema.

Pale ofisini ndipo nilipojua kuwa fomu ya madai hutolewa bure na hakuna ada ya faili. Uliyegongwa unakwenda mwenyewe kwa kampuni iliyomkatia bima aliyekugonga, ukiwa na ripoti ya trafiki, ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, picha na makadirio ya gereji. Gari usilitengeneze kabla mkaguzi wao hajaliona. Anayejiita wakala au dalali mwombe namba ya leseni, uiulizie TIRA kabla hujampa hata nakala moja. Na hati ya kumaliza madai isaini ikiwa imejazwa kiasi, tena kiasi ulichokiridhia. Kikiwa kidogo, kataa kwa barua. Mkishindwana, kuna TIRA na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mimi nimefungua jalada polisi na nimewaandikia TIRA. Kama na wewe ulimtumia pesa mtu wa aina hii maeneo ya Mwenge au Kijitonyama, usifute ujumbe wa muamala. Nenda nao kituoni ukaandikishe maelezo, mpelelezi anatafuta walalamikaji wengine.